Salamu Njiani kwenye Mizabibu

Da Zuhura, shikamoo.

Sauti iliyonikaa masikioni ni tiki-tiki ya gurudumu la nyuma ninapoacha kukanyaga pedali. Hapa ng'ambo ninakosoma, kwenye bonde la mto Loire, kuna njia ndefu katikati ya mashamba ya zabibu isiyopitiwa na gari hata moja, ndiyo maana naisikia. Nina furaha, dada, hata naimba peke yangu.

Jana nilikuwa na Anne, ninayesoma naye. Kila nilipomwona mtu mzima shambani nilishuka baiskeli kumsalimu, kama tufanyavyo kwetu Mambrui. Anne akachoka: "Rehema, tutafika mwakani!" Mara mzee mmoja akatujia mbio na pampu mkononi.

"Pancha?"

"Hapana, mzee. Nimeshuka kukuamkia tu."

Akaangua kicheko, akamwita mkewe: "Njoo umwone huyu! Ameshuka kwa ajili yetu!" Wakanikaribisha mvinyo. Niliposema sinywi, bibi yule akanijazia zabibu kwenye mtandio, tamu na bado zina joto la jua.

Mama anasema msichana akipanda baiskeli adabu humtoka, kwa hiyo niikatae kazi ya ualimu ya Magarini, maana sina njia nyingine ya kufika huko kila siku. Msomee kadi hii polepole, akiwa ameshakunywa chai. Nibusie mkono wake, na wanao wote uwakumbatie. Barua ya kuikubali kazi nimeitia posta leo asubuhi.

Nduguyo akupendaye,
Rehema