Grinda Zinarudi Zimeungua

Jumatatu, 3 Machi

Imerudi nyingine! Grinda ya yadi ya mawe, mashine yao ya kukatia, ile kubwa ya kijani, niliyoisuka upya waya wa mota juzijuzi kwa mikono yangu hii. Bonge, mkataji wao, kaingia ameishika kwa waya wake kama mtu aliyebeba panya kwa mkia. Akaibwaga mezani. Anasema ilianza kumchoma kiganja, ikafuka moshi, ikazima. Ya tatu hii!

Bonge hana ubaya, ana utani tu. Eti siku hizi pale yadi wanateleka birika juu ya grinda zangu, chai inachemka bila jiko. Nikacheka naye. Alipotoka nikaipiga teke ndoo, kidole bado kinauma.

Msimamizi wao katuma ujumbe kupitia Bonge: niitengeneze hii, iwe ya mwisho. Ikiungua tena vifaa vyote vya yadi vinahamia kwa fundi mwingine, na wakiulizwa sababu hawatafichaficha. Basi ndiyo nimekwisha. Yadi ikishasema yule mwanamke hawezi grinda, nani tena ataniletea grinda? Nitabaki na feni za dari na pampu za maji hadi nipate mvi.

Mjomba alikuwa kwenye stuli yake, anasikia yote. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka mota. Mikono yake ilipoanza kutetemeka akaniachia meza yote, bila kinyongo. Ila kila siku yuko pale. Anafungua mlango kabla yangu, anafagia, anapanga bisibisi kwa urefu. Leo kaniambia taratibu: mama, grinda zina ubishi, achana nazo.

Nikamwambia siachi. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye ufagio wake.

Jumanne, 4 Machi

Kutwa yadi ya mawe. Nimekaa juu ya kigae kilichovunjika, nimejifunga kitambaa puani, nawatazama wanavyokata. Vumbi! Nimerudi nyumbani nyusi nyeupe, Mama kaniuliza nimezeekea wapi.

Nimeona jambo. Bonge akiona mashine imeshika moto anaizima papo hapo, anaifunika kitambaa kibichi, eti anaipumzisha. Nikaruka! Feni ya ndani imefungwa kwenye mhimili uleule wa mota. Ukizima, na feni imezima. Joto lote linabaki ndani linajipika lenyewe. Nikamwambia inua diski kutoka kwenye jiwe, iache izunguke bure kidogo, ijipepee, ndipo uzime. Na hicho kitambaa kinaziba matundu ya hewa, kitoe.

Bonge: yaani imechoka halafu niikimbize tena? Wewe ukichoka unakimbizwa? Yadi nzima wakaangua kicheko. Lakini amefanya, nimemwona.

Nilirudi nimejaa furaha, nikajua nimeipata. Sasa nimekaa, furaha imeyeyuka. Kuna grinda yao ndogo nyekundu. Niliisuka mimi pia, waya uleule, na wanaitesa vilevile, kitambaa kibichi na kila kitu. Haijaungua hata siku moja. Inadunda tu!

Kwa nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeifungua ile ya kijani hadi uchi wake. Kati ya koili na gamba la nje kuna njia ambamo upepo wa feni unapita. Kwenye hii hakuna njia. Imezibwa na vumbi la mawe lililogandamana, gumu, plasta kabisa, kama mtu kapiga lipu. Nilikwangua kwa bisibisi hadi mkono ukafa ganzi.

Sasa vumbi huwa linapita. Linaingia huku, linapulizwa kule. Ili ligande lazima likute kitu kinachonata. Nikasafisha, nikabonyeza koili kwa ukucha. Ukucha ukazama! Vanishi inayoshikilia waya ni laini, kama gundi.

Haiwezekani. Vanishi yangu naioka kwenye oveni hadi ukiigonga kwa kucha inalia. Nikakwangua zaidi. Chini kabisa kuna tabaka gumu, linang'aa. Ndilo langu. Juu yake kuna lingine, nene, bichi, limepakwa na mtu asiyelioka.

Mimi hupaka mara moja tu.

Ijumaa, 7 Machi

Ile nyekundu Bonge aliisubiri hapohapo, akaondoka nayo ingali na joto la oveni. Zilizoungua zote zililala karakana.

Funguo ziko mbili. Mmoja ninao mimi.

Sitaki kuandika zaidi. Nimeisuka ile ya kijani, nimeioka, imelia vizuri. Nimeiacha rafuni makusudi.

Jumamosi, 8 Machi

Nilitoka nyumbani kabla chai haijachemka. Dirisha la karakana lilikuwa wazi nusu.

Mjomba amesimama mezani, grinda ya kijani ameifungua mbele yake. Kopo la vanishi pembeni. Brashi ameishika kwa mikono miwili, mkono mmoja unamshika mwenzake usitikisike. Anapaka polepole sana, ulimi kidogo nje. Na anaimba puani! Sijamsikia akiimba tangu aache kusuka.

Nikaingia. Shikamoo Mjomba. Marahaba, mama, umewahi leo! Wala hakushtuka. Akanionyesha kazi yake kabisa. Eti naitilia nguvu kidogo, kupaka kwako ni kwembamba, nisingependa wakuseme. Kumbe anazipitia zote. Pampu, feni, kila ninachokimaliza. Enzi zake ndivyo walivyofanya, pampu yenye koti mbili za vanishi maji hayaipati. Na ni kweli! Pampu imefungwa pande zote, feni ya dari haimezi unga wa mawe. Hizo hazijaungua. Grinda ndizo zinazovuta hewa yenye vumbi kutwa nzima, na vumbi linakuta ubichi wake.

Nikasema nimesahau simu nyumbani. Nikatoka, nikakaa nyuma ya ukuta, nikalia kwa hasira. Miezi yote hii najilaumu! Nabadilisha waya, nahesabu mizunguko upya, nashindwa kulala, kumbe mwenzangu yuko hapa na brashi. Nilimkasirikia, tena sana. Na bado nilitaka kurudi ndani nimkumbatie, mzee wa watu, ulimi nje vile.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Mama. Mjomba ni kaka yake, anamjua kuliko mimi. Aliacha kukunja nguo, akakaa kitandani. Kwanza alicheka, halafu akaziba mdomo.

Anasema: badilisha kitasa, mwambie kimeharibika. Nikasema atapata ufunguo mpya kesho yake, nitamnyimaje? Basi, anasema, grinda zote ziwe zinakuja kulala hapa nyumbani, chini ya kitanda chako. Yaani nimfiche mjomba wangu kazi kama mwizi! Mama akawa mkali: sasa ukimwambia, hatakuja tena pale, nakwambia. Na asipokuja pale ataenda wapi? Atakaa atazame ukuta?

Mchana wote nimezunguka na hilo swali.

Lakini siwezi kumfanyia mchezo wa kitasa. Yule ni fundi. Akiniona mimi nakosea angeniambia usoni, tena angenipiga kwenzi. Kesho namwambia. Nimepiga moyo konde.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia. Au tuseme koili imemwambia.

Nilimwekea mbele koili ya zamani iliyoungua, ile niliyoitoa, ambayo upande mmoja sikuusafisha. Nikampa bisibisi. Nikasema Mjomba, hebu nisaidie, ona hapa. Akakwangua ile plasta. Akaisaga kwa vidole, akainusa. Akakwangua tena. Akafika kwenye ule ubichi, akabonyeza ukucha, ukazama.

Akauliza moja tu: zote tatu?

Nikasema zote tatu, Mjomba. Nikaanza kumweleza, pampu ulikuwa sahihi, feni hakuna neno, ni hizi tu na vumbi lao, nawe hukujua, hata mimi... Alininyamazisha kwa mkono. Akaweka bisibisi mahali pake, kwa urefu. Akatoa ufunguo mfukoni, akaulaza mezani, akachukua koti lake akaondoka. Nilimwita hadi kona. Hakugeuka.

Roho inaniuma. Lakini ningeyarudia yaleyale. Bado ningemwambia.

Jumanne, 11 Machi

Hakuja. Nimefagia mwenyewe, vibaya.

Nimeivua ile ya kijani koti lake bichi, lote, nimefumua nimesuka upya. Nimeoka. Nimepuliza njia za hewa hadi nikaona mwanga upande wa pili. Nimeiendesha bure huku nimeishika: baridi, tamu, inanguruma sauti moja. Kazi nzuri. Hakuna wa kumwonyesha!

Mama kapita kwake. Anasema Mjomba ana mafua. Thubutu, mafua! Amekaa chumbani na viatu miguuni, hataki chai, hataki redio.

Kesho naipeleka yadi.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapahapa yadi, juu ya goti, nimekaa kwenye rundo la vigae. Lazima mikono yangu ifanye kitu.

Msimamizi hakutaka kuipokea hivihivi. Mwanaume mrefu, hana salamu nyingi. Akasema ikate jiwe zima kwanza, lile jeusi gumu, mbele yake. Bonge akawasha. Halafu msimamizi akaniuliza mimi: zile zingine ziliungua kwa nini? Nikamweleza ukweli nusu. Vanishi haikukauka, ikanasa vumbi, hewa ikaziba. Kosa la karakana yangu, limekwisha.

Akanitazama. Fundi gani asiyejua kukausha vanishi? Anasema hii hata ikivuka leo yeye haimtoshi, kwa sababu mkono uliozembea jana utazembea kesho. Maneno yalinichoma, na jibu lake nimelificha mwenyewe.

Ndipo akaingia Mjomba. Sikumwalika! Shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Kanipita bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi. Kelele za grinda, sikusikia neno. Niliona tu anajigusa kifua. Mara ya pili tena anajigusa kifua.

Msimamizi akaja kwangu. Mzee wako anasema zile zilizoungua alizipaka yeye, wewe ukiwa hujui. Ni kweli? Maana kama ni kweli, anasema, kazi yote ya yadi ni yako kuanzia leo. Ila yule mzee asiguse kifaa chetu tena, na asionekane karibu na meza yenye mali yetu. Anataka alisikie kwa mdomo wangu. Na kama si kweli, basi nimemtuma mzee aje kunifunikia, nichukue mashine yangu niende.

Nikasema jiwe likiisha nitakujibu.

Kwa hiyo Bonge anakata. Nimekwenda kuishika mara mbili, vuguvugu tu, hata mtoto angeishika. Bonge ananikonyeza, kalisahau kabisa birika lake. Ningefurahi leo. Leo ndiyo siku yangu ya kufurahi!

Nilikuwa nimeshaamua. Nimwambie msimamizi si kweli, mzee kachanganyikiwa, kosa ni langu, kwaheri. Grinda zitakuja zingine. Mjomba kaja akakaa hapa kwenye vigae kando yangu, akaniangalia, akayasoma yote usoni. Anasema, bila kunitazama: mimi nimesema kweli mbele ya watu hawa. Usije ukanifanya muongo.

Nikamwambia hawatakuruhusu kugusa, Mjomba. Umesikia alivyosema? Hata kukaa mezani.

Anasema amesikia, masikio hayatetemeki.

Jiwe limekatika. Bonge ameiacha ijipepee kidogo, kisha amezima. Kimya kweli hapa sasa. Msimamizi anakuja huku, anajipangusa mikono, na Mjomba amesimama kabla yangu. Nafunga daftari; nitamjibu ni kweli.