Mbega Hunusa Tu

Mama Atupele,

Mwanao amekula. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimeziba lile tundu la paa la jikoni. Sijaliziba, nitakueleza. Amekula ugali wote na maharage yake, kisha akafuta sahani kwa kidole kama ulivyokuwa ukimkataza. Nimemwacha afute.

Tangu tukuzike, Atupele alikuwa hali. Si kwamba alikataa. Alipokea chakula, akasema "asante, baba," akatoka nacho nje, akarudi na sahani nyeupe. Mimi mjinga nikafurahi. Lakini gauni lilizidi kumpwaya, na mifupa ya mabega ikatokeza, nami nikajiambia ni majonzi, yatapita. Mwisho nikaogopa. Nikampelekea habari dada yako kule Iringa kwa mdomo wa dereva wa basi, naye akaja, amebeba kanga mpya ya kumfunika mtoto njiani. Hakunizungusha.

"Shemeji, mtoto nakwenda naye. Wewe na randa yako mtalea nini?"

Nilikubali. Usinikasirikie. Niliona atanifia mikononi, na kama ni lazima nimkose, basi nimkose akiwa hai. Ila mvua ilikuwa imeharibu barabara na basi halikufika siku yake. Dada yako hawezi kukaa bure, unamjua, akaanza kufagia karakana yangu. Chini ya benchi, ndani ya sanduku la takataka za randa, akakuta vifurushi vya majani ya mgomba. Ugali. Mwingine umeota ukungu, mwingine wa asubuhi ile.

Tukamwita Atupele. Hakuficha.

"Ni vya mbega. Akishiba atanipeleka kwa mama."

Mbega wa hadithi zako. Mimi namjua kwa kumsikia ukutani tu. Kila jioni ninyi wawili mlikaa jikoni, nami nje, msumeno katikati ya magoti, nikiutia makali kwa tupa hadi mwanga uishe. Kwa hiyo hadithi zako ninazo na matundu. Kila tupa ilipokwaruza, maneno yalinipotea. Najua kulikuwa na msichana ambaye kibuyu chake kilichukuliwa na mto. Najua mbega aliyekufa zamani alikuja, mzimu wake, akambeba mgongoni juu ya vilele vya miti kwenda kukitafuta. Najua kwenye mbuga za Usangu walikutana na mzimu wa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mshale wa mwindaji ungali umemchoma, naye anautumia kujikuna mgongo. Hapo nilicheka, ukanisikia, ukaita kutoka ndani: "Baba Atupele, tupa yako imelala?" Nami nikakwaruza haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Basi, siku ile ya vifurushi nilimshika mtoto mkono. Nikampandisha juu ya benchi, jua liko utosini, nikaanza hadithi ya mbega. Dada yako akashika kiuno mlangoni.

"Hadithi mchana, shemeji? Hujui asimuliaye mchana huota pembe?"

"Zikiota nitatundikia koti."

Nilisimulia vibaya, mke wangu. Pofu nikamtia mtoni. Atupele, macho chini, akasema, "Pofu alikuwa mbugani." Kibuyu nikakiita ndoo, akanisahihisha. Nikafika mahali nisipopajua, nikabuni: msichana akampa mbega ugali wake, mbega akala, akala, tumbo likajaa...

"Baba! Mbega hali! Si alikwisha kufa? Hunusa tu. Mama alisema."

Hilo sikuwahi kulisikia. Nadhani tupa ililifunika.

"Hunusa tu?"

"Mvuke wa juu. Akinusa ameshiba."

"Na ugali wenyewe anabaki nao nani?"

Akatazama yale majani, akanitazama mimi.

"Msichana," akasema polepole. "Alikula njiani. Apate nguvu ya kurudi nyumbani." Kisha: "Mbega hakai na watu, baba. Anawatembeza tu, halafu anawarudisha kwao."

"Na mama?"

"Mama harudi."

"Harudi, mwanangu."

Ndipo alipolia. Siku ya mazishi hakulia, unajua, alishika tu ncha ya koti langu. Sasa alilia mpaka vumbi la mbao likamganda usoni, nami nikalia naye, na dada yako pale mlangoni akatupa ufagio.

Jioni ile alichukua sahani yake, akaipandisha dirishani ikifuka, akasema, "Mama, nusa." Akasubiri kidogo. Akala. Tangu hapo ndivyo afanyavyo kila mlo. Dada yako alinung'unika, eti katekista akisikia atasemaje. Asubuhi yake nilimwona akiinua bakuli lake la uji dirishani, akidhani nipo shambani.

Basi lilipofika alipanda peke yake. Kanga amemwachia mtoto. "Nilikuja kuchukua mtu, naondoka na maharage," akasema. "Lakini ukimkondesha tena, shemeji, narudi na mume wangu, na yeye hatakuja na kanga." Lilipoondoka nilikaa kwenye jiwe la njiani, kama mtu aliyetua gogo. Nilipumua mpaka nikajisikia.

Habari nyingine ni ndogo. Napiga mbao za kukaushia pareto kwa mzungu wa kule juu. Mtetea wako mwekundu ametotoa. Msalaba wako haujapinda.

Leo jioni Atupele alikuwa jikoni na mtoto wa jirani, anamsimulia. Mbega siku hizi amejua kupanda basi, lakini anakaa juu ya paa pamoja na mizigo, na utingo anamdai nauli haoni mtu. Nilikuwa nje na msumeno wangu. Sikujua kwamba nimeacha kukwaruza, hadi sauti ikaja kupitia ukutani:

"Baba, tupa yako imelala?"

Pumzika, Mama Atupele. Nakuahidi nitamlea hapa hapa, na mavuno yakiisha nitampeleka Iringa kumsalimu bibi yake, mama yako, na nitarudi naye. Na lile tundu la paa sitaliziba. Nilikwisha kupanda na nyundo, mwanao akanishusha. Anasema mvuke wa chungu unapitia pale kuja kwako. Nimetega sufuria chini yake kwa ajili ya mvua.

Mimi mumeo,
Baba Atupele