Hii Ng'ombe ni ya Watu

Ijumaa, saa tisa alasiri.

Ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro tangu asubuhi na bado haujaondoka. Karatu nzima imevaa makoti. Nimekaa kwenye kibanda changu cha kazi, mlango nimeurudishia, simu nimeilaza kifudifudi mezani.

Nimeharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Niandike taratibu, maana nikiandika huwa natulia kidogo. Natengeneza visu vya kukunja, kimoja kimoja, kwa mkono. Nikimaliza kisu natia nakshi kwenye mpini kwa tindo nyembamba kama penseli na nyundo ya kugongagonga. Wateja wangu wengi ni watalii wanaotoka kreta. Wanataka simba. Wasipotaka simba wanataka tembo. Nikimchora simba sihitaji kumjua sana, na mteja naye hamjui, basi tunaachana kwa amani.

Lekishon si mteja wa namna hiyo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Enguserosambu, Umasaini. Alikuja miezi miwili iliyopita na mkuki wa marehemu baba yake, ameufunga kwenye kipande cha shuka jekundu. Baba alikuwa nao tangu ujana wake wa umorani. Nilipoufungua niliupitishia kidole. Kutu ilikuwa imeula vibaya.

"Mkuki hauingii darasani, dada," aliniambia. "Kwenye basi ndiyo kabisa. Mimi nataka baba akae mfukoni."

Sijawahi kupewa oda nzuri kuliko hiyo.

Nilikata, nikapiga tupa, nikapiga msasa. Katika mkuki mzima kilibaki kipande kimoja chenye afya, urefu wa kiganja. Chuma cha mkuki ni laini, hakishiki makali, kwa hiyo bapa nililitengeneza kwa springi ya gari. Kile kipande kikawa upande mmoja wa mpini. Upande wa pili niliweka pembe. Kikifunguka kinalia "tik", mara moja tu, kama ninavyopenda.

Kwenye chuma cha baba, Lekishon alitaka kichwa cha ng'ombe chenye alama ya familia yao. Alama yenyewe ni mkato kwenye ncha ya sikio, mfano wa mkia wa mbayuwayu. Sikio la kulia. Ng'ombe wao hata akipotelea mbali, atakayemwona anasoma sikio na kujua amrudishe boma gani. Alirudia mara mbili: la kulia, dada, la kulia. Nikaandika KULIA kwa herufi kubwa kwenye daftari. Akauliza kama anichoree. Nikamcheka. Nikamwambia mimi mtoto wa Kansay, nimechunga ng'ombe kabla sijajua kusoma.

Hayo maneno yananichoma sasa.

Jana nilimaliza. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Leo asubuhi nikapiga picha karibu na dirisha, nikamtumia. Jibu lilikuja kwa sauti. Nimelisikiliza mara nyingi mno.

"Dada Paskalina, habari za asubuhi. Aisee, kazi ni nzuri. Hayo macho, kama inakuangalia. Lakini dada..." Hapo nikasikia watoto wa shule wakipiga kelele nyuma yake. "Hii ng'ombe ni ya watu."

Nilidhani ananitania. Nikakichukua kisu, nikaangalia: mkato uko kulia, kama nilivyoandika. Nikajibu hivyo, tena kwa kiburi kidogo. Akanipigia.

"Kulia kwako, dada. Ng'ombe amekuangalia usoni. Kulia kwake ni huku kwingine."

Nililishika sikio langu mwenyewe kama mtoto wa chekechea. Ni kweli. Nimekata sikio la kushoto. Wahenga wanasema sikio halipiti kichwa, lakini leo limepita, limenipita mimi na kichwa changu chote.

Na isingekuwa vibaya hivi kama kushoto kungekuwa hakuna mwenyewe. Mkato uleule kwenye sikio la kushoto, alinieleza, ni alama ya jirani yao. Huyo jirani aliwahi kumshtaki baba yake Lekishon kwa wazee kwamba amemwibia mitamba miwili. Ilionekana hakuiba, lakini maneno hayakuisha. Mzee amekufa nayo. Jumapili hii familia inakutana kugawana ng'ombe, na jirani atakuwepo. Lekishon ndiye mtoto wa kwanza. Alitaka asimame mbele ya watu akiwa na baba yake mkononi.

Mimi nimechukua mkuki wa yule mzee na kuandika juu yake kwamba ng'ombe wake ni wa jirani. Kama vile amekiri mwenyewe.

Lekishon hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Sisi hatuangaliagi ng'ombe usoni, dada. Tuko nyuma yake siku zote. Ndiyo maana sikufikiria kukuambia." Kisha akasema anaingia darasani.

Nimelia. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia uso kwa uso.

Kinachoniuma zaidi ni hili. Na mimi nilikuwa nyuma. Kule Kansay nilitembea nyuma ya ng'ombe wa baba miaka na miaka, nikiyajua masikio yao na mikia yao na vumbi lao. Kulia kwao na kulia kwangu kulikuwa kitu kimoja. Lini nilihama nikaenda kusimama mbele? Nadhani ni watalii. Mnyama wa picha lazima aangalie kamera. Nimechora wanyama wanaoniangalia mpaka nikasahau kwamba ng'ombe ana mahali anakokwenda.

Nilifikiria kusaga mchoro wote. Haiwezekani, mistari imeingia ndani na imeenea kote, chuma chote kitabaki kama karatasi. Nilifikiria kukata na sikio la pili. Masikio mawili yaliyokatwa yatakuwa alama ya nani? Ya mwizi aliyechanganyikiwa. Nilifikiria hata kuzima simu mpaka Jumatatu, na niliona aibu kwamba nimefikiria.

Saa saba nilitoka nje kutafuta hewa. Barabarani walikuwa wanapitishwa ng'ombe kama kumi na tano, wanapelekwa mnadani, na mama mmoja wa Rhotia anawafuata na fimbo, mtandio umefunika mdomo. Sijui kwa nini nilimfuata. Nilitembea naye mpaka karibu na kituo cha mafuta. Alinitazama akauliza, "Wewe nawe unauza au unanunua?" Nikamwambia naangalia tu masikio. Akasema, "Haya, angalia, hayana kodi."

Kwa nyuma, kichwa cha ng'ombe ni pembe mbili na masikio mawili. Hakuna kingine.

Nilirudi mbio. Nilichukua kipande cha sabuni, nikaziba macho, nikaziba pua, nikaziba na mistari ya ndani ya masikio. Nikafuta kwa kidole. Ng'ombe akageuka. Pembe zilezile, mkato uleule mahali palepale, ila sasa amenipa mgongo, na sikio lililokatwa ni la kulia.

Sijashangilia. Sabuni ni sabuni. Kuyafuta macho kweli ni lazima nisage mahali hapo mpaka chini yake, na macho ndiyo niliyoyachimba kuliko kitu chochote, siku tatu nzima, kwa sababu nilitaka watu waseme yanaangalia. Yakishaondoka sijui chuma kitabaki kiasi gani. Nimepima kwa ukucha, nimepima kwa waya, kila nikipima napata jibu jingine. Kikitoboka, hakuna mkuki mwingine wala baba mwingine wa kuuacha.

Nimemwandikia Lekishon hayo yote, pamoja na kwamba kinaweza kutoboka. Alijibu sasa hivi: "Fanya, dada. Hivyo alivyo siwezi kumbeba."

Leo sigusi kitu, mwanga wenyewe ndio huu. Kesho ukungu ukipanda na mwanga ukiingia dirishani, naanza na jicho la kulia.

Kulia kwa ng'ombe.