Bango la Mwanangu Limeniletea Matanga

Mama Serwaa mpendwa,

Nisaidie mwenzio, maana nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha karatasi nyuma ya duka langu la uchapaji hapa Nkoranza, na nje kuna watu wananicheka, na kama masikio hayanidanganyi mmoja wao ni mke wangu.

Mimi nachapa mabango, na katika kila mabango kumi, tisa ni ya misiba na la kumi ni la kanisa, kwa hiyo wino mweusi na mwekundu, rangi za matanga kwetu, naununua kwa madebe na rangi nyingine kwa vikopo. Mwezi uliopita walikuja mwalimu wa sekondari yetu na mama mmoja wa wakfu wa afya, wakaniambia kwamba wakfu na shule wameshirikiana kuwavuta vijana wasomee uuguzi, kila Jumatano wanafunzi wanakwenda kujifunza zahanati, na sasa wanataka mabango ya waliochaguliwa kuendelea chuoni, kila mmoja na picha yake, na sherehe ni Jumamosi. Sasa mimi, Mama Serwaa, uuguzi kwa mtoto wa kiume sijawahi kuupenda, maana hapa kwetu kila muuguzi anaitwa sista, awe na ndevu asiwe nazo, kwa hiyo bahasha yao hata sikuifungua, nikamtupia fundi wangu Fiifi nikamwambia, "Fanya kama tunavyofanya siku zote," nikapanda gari kwenda Kumasi kununua karatasi.

Fiifi ni mtu mtiifu. Akafanya kama tunavyofanya siku zote. Mwalimu alikuwa ameandika "Ameitika mwito wa kuhudumu", Fiifi akaona maneno yamezidi, akaikuza AMEITIKA MWITO, maneno ya kila bango letu la msiba, mpaka ikajaa juu kote, na hayo ya kuhudumu akayabana pembeni kwa herufi za sisimizi, katikati akaweka picha, chini yake jina na umri, miaka kumi na minane, Jumamosi saa tatu asubuhi, nyote mnakaribishwa, na kuzunguka yote akapiga mstari mweusi na mwekundu. Na picha ya kwanza, Mama, ilikuwa ya mwanangu Kwabena Oti, ambaye mimi nilijua kila Jumatano anabaki shule kwa hesabu za ziada. Baadaye nilimuuliza Fiifi, "Hukumtambua?" Akasema, "Nilimtambua, bosi. Ndiyo maana nikamwekea na maua."

Nikarudi Jumanne mchana nikaliona bango kwenye geti langu mwenyewe, na uani viti vya plastiki vimeshapangwa, watu wamevaa nyeusi na nyekundu, na shangazi yangu Pokuaa ameshuka kutoka kijijini analia jina la mwanangu, na mke wangu yuko sokoni na Kwabena mwenyewe yuko shule, hakuna wa kumuuliza. Nikakaa chini kwenye vumbi nikalia, na hilo silionei aibu hata leo.

Ndipo wakaanza kumtaja. Mzee mmoja muuza viazi vikuu akasema, "Jumatano iliyopita tu kanipima presha, akaniambia kwa heshima zote, 'Nana, samaki wa chumvi nilikukataza, na usikatae, nasikia harufu yake mdomoni mwako.' Sasa nani atanigombeza?" Wakacheka huku wanalia. Jirani yangu naye akasema, "Na bibi yake je? Kile kidonda cha mguu, nani atakisafisha asubuhi kabla ya shule?"

Hapo nikainua kichwa, kwa sababu mama yangu anakaa chumba cha nyuma, na kidonda chake kilimtesa miaka miwili mpaka mwaka huu kikaanza kufunga, na mimi nilijua mke wangu kapata muuguzi wa zahanati, na nilikuwa nimemsifu muuguzi huyo mbele ya watu kwamba ana mkono mwepesi, hata nikatoa viazi vikuu vitatu vya shukrani nikampa mke wangu amfikishie. Kumbe viazi tulivila wenyewe, na fufu iliyotwangwa kwa viazi hivyo niliisifu.

Basi marehemu akaingia na begi lake la shule. Shangazi Pokuaa akamtazama kutoka juu mpaka chini, akavua ndala.

"Wewe, umekufa au hujafa?"

"Sijafa, Nana."

"Basi ungeniambia mapema. Nimepanda magari mawili."

Mtu mmoja akalisogelea bango akazisoma zile herufi za sisimizi kwa sauti, na mwingine akasema, "Kumbe sista Kwabena kafufuka," na uani kote watu wakavunjika mbavu, na mimi nipo pale chini, vumbi matakoni na machozi usoni. Hasira zikanipanda. Nikasimama nikaapa mbele yao wote: "Nikiwa hai, mwanangu hatavaa gauni la uuguzi." Yule muuza viazi akanijibu, "Basi Fiifi akuchapie na bango lako."

Sasa kuna fomu ya chuo inayotaka saini yangu, mama yake ameshatia yake, na wakfu wanaitaka kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kwabena hajaniomba. Ameiweka juu ya mashine yangu, na kila asubuhi, akishamfunga bibi yake mguu, anakuja kuipangusa vumbi halafu anakwenda zake. Nikisaini nimevunja kiapo mbele ya mji mzima na nitaitwa Baba Sista mpaka nife kweli. Nisiposaini, hata sijui nitamtazama mama yangu vipi. Nifanye nini?

Mimi,
Mfiwa Asiye na Maiti


MAMA SERWAA ANAJIBU

Mfiwa, pole. Pole hiyo ni ya zile dakika ulizokaa kwenye vumbi, maana hakuna mzazi anayestahili kuzionja. Hayo mengine umejitakia.

Watu walikuletea jina la mwanao mpaka mkononi, ukalitupa bila kulisoma. Halafu unamlaumu nani? Fiifi usimguse. Katika habari yako yote yeye ndiye aliyefanya alichoambiwa, na maua juu.

Unaogopa neno sista. Mwaka mzima sista huyo amekuwa akipiga magoti mbele ya mguu wa mama yako, mguu ambao wewe mwanawe, nakukisia tu, ulikuwa unauangalia kutokea mlangoni. Na wewe mwenyewe ulimsifu. Ulipodhani ni mtoto wa mtu mwingine alikuwa na mkono mwepesi, ulipojua ni wako akawa aibu. Kaa peke yako humo chumba cha karatasi ulifikirie hilo, kisha utoke, umeshajifungia vya kutosha.

Sisi wengine tunakufa bila kujua watoto wetu watatajwa kwa lipi. Wewe umeketishwa chini ukasimuliwa yote, na marehemu akaingia kutaka chakula cha mchana. Mimi mwanangu wa pili nilimzika kweli, na mpaka leo nikikutana na mtu aliyemfahamu namshika mkono asiondoke. Kwa hiyo usiniandikie habari za kuchekwa.

Tuje kwenye kiapo. Nimekisoma mara tatu. Uliapa hatavaa gauni. Bwana, wauguzi wa kiume wanavaa shati na suruali. Kiapo chako ni kizima, hakijapata hata mkwaruzo, na atakayebisha mwambie aje kwangu. Saini leo, usingoje Ijumaa, na uipeleke shule kwa miguu yako.

Ukirudi, washa mashine, umpumzishe Fiifi, uchape bango jipya kwa mkono wako, kijani na nyeupe, na hayo maneno ya kuhudumu yawe makubwa kuliko yote. Libandike juu ya lile la kwanza, ukianza na la getini kwako. Wakikuita Baba Sista, itika.

Halafu nenda sokoni ununue viazi vikuu vitatu vizuri, kwa yule mzee, umwombe na radhi kwa hasira za siku ile. Bado una deni la shukrani kwa muuguzi wa mama yako. Safari hii usimpe mkeo amfikishie. Mpe mwenyewe, asubuhi, akiwa bado amepiga magoti.