Mti wa Kahawa Uliosuguliwa

Jumamosi, Buganguzi

Kosa ni langu. Nilimwambia mama mkwe kuwa mtaalamu anakuja kutoka Bukoba kuona mti wetu mkongwe wa kahawa. Sikumwambia kwamba anafuata kuvumwani, yale magamba ya kijivu yanayoota kwenye gome, ambayo yanazidi kupotea kila mibuni ya zamani inapong'olewa.

Kwa mama, mgeni hapokelewi na uchafu. Alfajiri alisugua shina lote kwa brashi, akatandika nyasi mbichi chini yake.

Mtaalamu alitazama, kisha akamshukuru. Na mimi ningemgombezaje mkwe wangu?

Kimebaki kipande kimoja cha kuvumwani, kidogo kama ukucha, juu kabisa.

"Pale sikufika," mama aliniambia jioni. "Akirudi atapakuta pasafi."

Ngazi nimeipeleka kwa jirani.