Katamara ya Mdogo Wangu

Jumanne, saa tisa mchana. Mvua ilinyesha asubuhi, sasa jua limewaka na njia za mtaa wetu wa Kasenga zinatoa mvuke. Milio ya bunduki kule milimani imenyamaza tangu jana. Shule bado imefungwa, hii ni wiki ya tatu, nami mwalimu wa jeografia nimekaa kibarazani na simu yangu na moyo mchafu.

Nianze na huo uchafu wenyewe, nisije nikaukwepa huko mbele.

Nina wivu.

Si ule wivu wa jirani aliyepata bati jipya. Huo naujua, ukishapika na kula unapita. Huu umelala nami tangu Jumapili, tumeenda nao kuchota maji, tumekula nao sombe, majani yetu ya mihogo, sahani moja. Ninamwonea wivu Heri, mdogo wangu wa tumbo moja, kwa sababu ya chombo cha majini.

Chombo chenyewe ni katamara. Hapa Uvira kila mtu anajua katamara: mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, taa juu, wavu katikati, watu wanakwenda usiku kutafuta ndakala, dagaa wa ziwa letu. Baba yetu alikuwa fundi wa hizo. Ya Heri nayo ina matumbo mawili, lakini zaidi ya hapo hazifanani. Ni nyeupe tupu, ina vitanda vinne, jiko, choo kila upande, bomba la maji ya kunywa na tanga refu kupita mnara wa kanisa letu. Si mpya. Mzee mmoja amezunguka nayo baharini mpaka akachoka, sasa anaiuza. Iko Ugiriki. Heri anaishi juu zaidi kwenye ramani, nchi za baridi, na mke wake ambaye ni mtu wa huko. Yeye amefanya kazi kiwandani miaka mingi, mke amerithi kitu kwao, wakakubaliana kuinunua, wachukue watoto wao wawili na watembee baharini mwaka mzima.

Watembee tu. Si kuvua, si kupakia abiria, si kukimbia mtu.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Sisi hapa ziwa limefungwa. Wenye silaha walioshika mji wametangaza kwamba hakuna mtumbwi kutoka pwani, na anayebisha anajua kitakachompata. Tunaliona ziwa kutoka mlangoni, tunalisikia, lakini la kwetu si letu tena. Katamara za watu zimevutwa mchangani, jua linazikausha, mbao zinaachana. Nikipita pale nageuza uso.

Na Heri, jamani, Heri hata maji hakuyapenda. Kila akipanda mtumbwi alitapika. Baba akimwita aje ashike kamba, alikuwa ameshafika uwanjani na mpira wake wa matambara. Mimi ndiye niliyekaa mchangani baada ya shule, nasokota pamba, naichovya kwenye mafuta ya mawese, naisukuma ndani ya mianya ya mbao mpaka kucha zinauma. Mafundi wengine walimcheka baba, wakamwuliza msichana wa kazi hiyo ataolewa na nani. Baba aliwajibu kwamba mtumbwi hauulizi mkono ni wa nani. Ataolewa na nani, hilo hakulijibu, na mpaka leo halijajibiwa.

Vita vya kwanza vilipofika, watu walivuka kwenda Tanzania kwa katamara ya baba, ile ambayo mianya yake niliiziba mimi. Ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Mama alikuwa mgonjwa, hawezi hata kukaa, na kwetu anayebaki na mgonjwa ni msichana. Halikuwa jambo la kujadili. Heri akapanda. Akafika kambini, na kutoka kambini akapelekwa Ulaya. Katamara haikurudi, waliovuka nayo waliiuza hukohuko, na baba alikufa bila kutengeneza nyingine.

Kwa hiyo kwangu mimi hiki ni chombo cha pili Heri anachukua. Najua si haki kusema hivyo. Nimesema.

Sasa nije kwenye Jumapili.

Pwani hii hakuna mtu anayenunua mtumbwi uliotumika bila kuunywesha. Unaupandisha juu ya magogo, unaujaza maji ndani, halafu unapita chini yake kutazama unatoka jasho wapi. Hata mtoto anajua. Heri naye aliukumbuka huo ujuzi mmoja, akautumia Ugiriki. Katamara ilikuwa imepandishwa nchi kavu. Akaomba ndoo, akaanza kumwaga maji ndani ya matumbo yote mawili, na yule mzee mwenye chombo akamtazama mdomo wazi. Nadhani alifikiri ni ibada. Chini halikutoka hata tone. Basi Heri akamwambia mkewe kwamba hakuna haja ya kumwita mkaguzi, chombo kimekaguliwa kama baba alivyokuwa akikagua. Mkewe, ambaye anaheshimu mambo ya kwetu kuliko sisi wenyewe, akakubali.

Niliposikia hayo nilicheka peke yangu. Katamara ile si ya mbao za kuungwa. Ni plastiki ngumu, na ndani ya sakafu yake, kwa maelezo aliyonitumia mwenyewe, kuna ubao mwepesi umefunikwa juu na chini. Plastiki haitoi jasho. Ubao uliofunikwa unaweza kuoza miaka mitano na nje hakuna atakayejua.

Na baba hakuwa anaishia kwenye maji. Maji yakishamwagwa, alichukua mpini wa mwiko akagonga, ubao kwa ubao, sikio chini. Ubao mzima unajibu, alikuwa akisema, uliooza unanyamaza. Hiyo sehemu ya pili alinifundisha mimi. Heri alikuwa kwenye mpira.

Heri alinitumia video. Anatembea ndani na viatu vigumu, anaonyesha jiko, bomba, vitanda, watoto wanarukaruka juu yavyo: Neema wa miaka sita na mdogo wake. Mimi nilikuwa natazama bomba. Maji yanatoka ukiligusa tu. Halafu nikaacha kutazama, nikaanza kusikia. Viatu vyake vilikuwa vinalia ko, ko, ko. Alipofika katikati, chini ya mlingoti, pale matumbo mawili yanapoungana, mlio ukafa. Hatua tatu kama mtu anayekanyaga gunia la mihogo iliyolowa. Akaendelea mbele, ko, ko.

Niliirudia mara nne. Baba alisema katamara haifi tumboni, inafia kwenye kiungo, kwa sababu kila wimbi linavuta kila tumbo upande wake.

Mwisho wa video Heri aligeuza simu kwenye uso wake. Ananiita Yaya, kama wadogo wote wa hapa wanavyowaita dada zao wakubwa. "Yaya, weye njo ulikuwa unajua mitumbwi. Unaiona namna gani?"

Nikamwandikia: iko muzuri sana, hongera. Nikaweka na mikono inayopiga makofi.

Niliyasikia yale, nikampigia makofi.

Nilijipa sababu, sababu hazikosekani. Ni simu tu, labda sauti inadanganya. Wao wana karatasi zao na vipimo vyao, mimi ni nani. Yote uongo. Ukweli ni kwamba nilitaka ainunue, kisha imwaibishe. Aibu ndogo tu, pale bandarini, watu wakitazama, sakafu imvunjikie mguuni, na yeye ajue ladha ya kuwa na kitu kisichofaa. Bahari sikuifikiria. Watoto nao sikuwafikiria, na nilikuwa nimetoka kuwaona.

Jioni ile rezo, mtandao wa simu, ikakatika mji mzima. Simu zikawa vioo vya kujitazamia. Nikapumua. Hata nikitaka kumwambia siwezi, nikajisemea, na Jumatatu yote nilijificha ndani ya hilo. Mama kwa upande wake alizunguka kwa majirani akitangaza kwamba mwanawe ananunua nyumba inayotembea juu ya maji. Wamama wa jumuiya walikuja kumpongeza. Mmoja akanigeukia akaniuliza kwa upole, na weye Nabintu, atakutumia tiketi lini? Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha. Shule imefungwa, anajua.

Leo saa sita rezo imerudi. Ujumbe ukaingia mwingi kwa pamoja, na kabla sijausoma Heri akapiga kwa video. Katamara sasa ilikuwa majini, niliona mwanga ukicheza kwenye ukuta nyuma yake. Wamekaa mezani, yeye, mkewe na yule mzee, karatasi zimetandazwa, kalamu iko juu. Alitaka mama aone anavyotia sahihi. Nikamweka mama karibu yangu.

Akasema ataandika jina la baba kwenye chombo, pande zote mbili, kwa rangi ya buluu.

Mama akaanza kulia kwa furaha. Mimi nikaisogeza simu kwangu. Jina la baba. Liandikwe na mtu ambaye hakuwahi kumshikia hata msumari, juu ya chombo chenye ubao unaonyamaza.

"Usiandike jina ya baba pale," nikasema. "Gonga kwanza."

Hakunielewa. Nikamwambia achukue kijiko kikubwa jikoni aanze kugonga sakafu kutoka mlangoni. Mama akanishika mkono, akasema nisimharibie mwenzangu furaha. Mke wa Heri akauliza kitu kwa lugha yao. Heri akaongea polepole, si kwa kunitukana.

"Yaya, ni wivu?"

"Ni wivu. Minye niko nayo tangu ulituma video. Lakini gonga."

Nadhani ni kule kukubali kulikomwinua. Kama ningekataa angetia sahihi. Alipiga magoti, akaweka simu sakafuni, akagonga. Mlangoni, ko. Karibu na jiko, ko. Nikamwambia asogee chini ya mlingoti. Akagonga, na mlio haukutoka. Akagonga tena bila kuambiwa, mara tatu, nne. Akafunua zulia, akasukuma kwa kidole gumba, nikaona kidole kinaingia. Yule mzee alikuwa anatazama dirishani. Mke wa Heri akazikunja karatasi.

Mimi nilikuwa na furaha, na ninaiandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuiandika. Nilifurahi kwamba nimesikia sawasawa, na baba yangu amesikika mpaka Ugiriki. Nilifurahi pia kwamba Heri hana katamara. Furaha zote mbili zilikuja pamoja na sikuweza kuzitenganisha.

Kisha Heri akainua simu.

"Ulijua tangu Yenga?"

Yenga kwetu ni Jumapili. Ningeweza kusema nimegundua leo, alipokuwa anagonga. Angeamini. Mama alikuwa ananiangalia.

"Tangu Yenga. Mu video."

"Jana tulitoka nayo," akasema. "Mbali, mpaka haukuonekana muji. Tulikuwa na batoto. Upepo ilikuwa mingi, Yaya. Neema alikuwa analala pale chini."

Alikuwa ameniandikia kabla ya kutoka. Ujumbe wake upo hapa, nimeusoma baadaye, kati ya ule ujumbe uliokaa siku nzima ukisubiri rezo. Anasema wanaenda kuijaribu, tuwaombee.

Akasema asante. Alilisema kama unavyomwambia mwenye duka anayekurudishia chenji. Halafu uso wake ukapotea. Rezo ilikuwa nzima, mistari yote minne. Alikata mwenyewe.

Tangu hapo mama ameniuliza kitu kimoja tu, kama wametia sahihi, nikamwambia hapana, akaingia ndani akalala akiwa ameelekea ukutani. Sijui anahuzunikia katamara au ananihuzunikia mimi. Kwa majirani sijui atasema nini.

Anayesoma hapa asinisifu kwamba mwishowe nilisema. Nimekaa na jambo hili tangu saa sita na nimeligeuza kila upande. Si upendo ulionifungua kinywa, wala si watoto. Ni jina la baba. Nilishindwa kuvumilia aliandike yeye. Wivu ulionifunga mdomo Jumapili ndio huohuo ulionifungua leo, na kama leo umefanya jema, haukukusudia.

Swali linalobaki ni dogo. Kama Heri angesema chombo kitaitwa Neema, ningenyamaza?

Jibu ninalo, nalo si zuri. Kesho, rezo ikiwepo, nitampigia nimpe hilo jibu mimi mwenyewe, kabla hajaniuliza.