Diski Nne Kwenye Vitenge

Jumamosi, 14 Juni 2025
Studio ya kanisa imehamia jengo jipya kule juu mlimani. Kadi ya RAID ya seva ya zamani, ile inayounganisha diski zifanye kazi kama moja, iliungua, na hii niliyoipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, si ya aina ile. Diski zipo nne, kila moja ina kipande tu cha rekodi zetu za miaka tisa. Lazima kila moja ikae mahali pake.

Nilisema zipande kwa bodaboda. Akina mama wa kwaya wakanicheka! Mama Ikupa, mwenyekiti wao, akasema sauti za watu hazirushwirushwi kwenye pikipiki. Wakazifunga kwenye vitenge, kila mmoja diski yake, wakapanda wakiimba. Sikuziandika namba. Nilisema moyoni naona aibu kuwasimamisha. Wapi! Uvivu tu.

Jumapili, 15 Juni
Nimezichomeka baada ya ibada. Kadi ikasema diski ni ngeni: nipokee mpangilio wake wa zamani, au niufute? Mchungaji Barnaba alikuwa ananiita chakula kinapoa. Nikabonyeza kufuta. Nilidhani nafuta lile onyo!

Rekodi zimo, ila kadi haijui tena pa kuanzia. Ningepokea, ingezipanga yenyewe hata zikiwa zimechanganyika. Naweza kuipangia upya kwa mkono, kama najua ipi ya kwanza, ipi ya pili. Sijui. Nikikosea, itaandika juu ya rekodi na ndiyo basi.

Mchungaji kauliza kulikoni. Nimemwambia diski zilichanganyika njiani. Kufuta sikukutaja.

Jumanne, 17 Juni
Dennis wa kinanda anawatania akina mama, eti wamezibeba kama viazi. Nikacheka naye. Mungu wangu, nilicheka!

Nimempigia rafiki yangu fundi, yuko Dar. Kauliza nani alifuta mpangilio. Nikasema mtandao unakatakata, nikakata.

Alhamisi, 19 Juni
Mama Ikupa kaja studio peke yake. Binti yake Leah, aliyefariki mwaka juzi, aliongoza wimbo wa Pasaka — sauti yake imebaki kwenye diski hizi tu. Nilijua. Nilijua tangu Jumapili.

Kasema njiani alichoka, akabadilishana mzigo na mwenzake Jenista, kitenge kikalegea. "Ni mimi, mwanangu. Nimeharibu kazi yako." Akapiga magoti. Mtu wa rika la mama yangu! Nikamwinua, nikafungua mdomo niseme ukweli. Ikatoka: "Nimeshakusamehe, mama."

Akashukuru! Mimi ni mtu wa namna gani?

Sasa ana ombi. Jumapili anataka asimame mbele ya kanisa aombe radhi, yeye na wenzake. Anasema hajui kuyapanga maneno, basi nimwandikie ya kusoma. Kakaa hapa ng'ambo ya meza. Anaona kalamu inakwenda. Anadhani naandika hayo maneno yake, kumbe ni daftari hili.

Kauliza kama nimeshafika kwenye jina lake.